Mkusu wa Kigwena Uliokosa Mume

Saa kumi na mbili asubuhi, Ziwa Tanganyika bado halijaamua livae rangi gani. Ukungu umelala juu ya maji, milima ya Kongo ng'ambo haionekani, na mji wa Rumonge unanukia mawese ya jana na moshi wa leo.

Nyuma ya duka moja la vitenge, hatua chache kutoka sokoni, mwanamke mfupi mwenye kilemba cha kijani anapita katikati ya mistari ya mifuko myeusi ya miche. Mkononi ana kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu kwa msumari. Maji yanatoka kama manyunyu. Anatembea polepole, kama mtu anayepita chumbani walikolala watoto.

"Amahoro, wanangu," ananong'ona. "Mumeamuka?"

"Wameamka," sauti inajibu kutoka dirisha la jikoni. "Wanauliza chai iko wapi."

Sauti ni ya Bi Nawal, mwenye nyumba. Aliyeshika kopo ni Marguerite, mwenye miaka hamsini na sita, ingawa hapa mtaani jina hilo analitumia padri peke yake. Wengine wote wanamwita Mama Bienfait, kwa jina la mwanawe wa kwanza, fundi magari aliyeko Uvira. Kazi yake, ukimuuliza mwenyewe, ni kuotesha matunda ya porini. Ukiwauliza majirani, kazi yake ni kupiga soga na mifuko ya udongo.

Mifuko hiyo ni mia sita na kitu. Kuna mbura, mfudu, mkwaju, na mbungo unaotambaa juu ya ukuta kama mgeni asiyetaka kuaga. Ni miti iliyowalisha watoto wa zamani walipokuwa wakichunga mbuzi. Watoto wa leo hawaijui hata kwa majina. Yote ameiotesha kwa mbegu, kwa mikono yake.

Katikati ya ua, juu ya vyote, umesimama mti mmoja wenye majani mapana, mazito, yanayong'aa kama ngozi ya kiatu kipya. Umeshalipita paa la bati. Huo ndio mkusu, na ndio uliowafanya watu wa mtaa huu, mwezi wa pili mwaka huu, wasiongee habari nyingine.

Mama Bienfait anamaliza kumwagilia, anaweka kiganja juu ya shina lake na kufumba macho kidogo.

"Huyu tulimungoja miaka tisa," anasema, "atuambie yeye ni nani."

Kusu ni tunda la mviringo, lenye ukubwa wa ndimu, na ganda la kahawia linalovunjika kwa meno. Ndani kuna nyama ya njano inayonata. Utamu wake ni wa asali, lakini una kitu cha pera ndani yake, na kitu kingine ambacho kila aliyelionja anakiita kwa jina lake. Mama Bienfait anakiita "nyumbani".

Alizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, kwenye vilima vinavyolitazama ziwa hilihili kutoka upande wa pili. Mvua za kwanza zilipoanguka, anasema, watoto walikimbilia mlimani na masufuria kichwani.

"Hatukupanda juu. Kusu haichumwi. Inaanguka yenyewe ikiwa tayari. Mama yangu alisema, kama ingali juu, basi haijakuwa ya kwako."

Mwaka 1998 vita vilimvusha ziwa akiwa na Bienfait mgongoni na sufuria moja. Alishukia Gitaza, kijiji cha wavuvi kando ya barabara ya Bujumbura, akaanza kazi ya kuanika ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwa hili. Aliwaanika kwenye vichanja vya wavu, akawageuza jua likipanda, akawafunika mvua ikinukia. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tano.

"Mikono yangu ilinuka ndagala," anacheka, "mpaka ndoto zangu zikanuka ndagala."

Ndoto zenyewe anazikumbuka vizuri, maana ilikuwa moja tu, ikirudi na kurudi. Miti ya kwao inashuka kutoka vilimani usiku, inavua majani ufukweni kama watu wanaovua viatu, kisha inaingia majini kimya ili ivuke. Haikufika hata mara moja. Alikuwa akiamka kabla haijafika.

Mti ulifika mwezi wa kumi na mbili, miaka kumi na mmoja iliyopita. Siku hiyo alikwenda Kigwena, kusini mwa Rumonge, kununua mawese kwa mkulima wa michikichi anayeitwa Modeste. Tumbo likamsumbua, akapanda kilima nyuma ya shamba kutafuta pa kujisitiri.

"Nilisikia harufu kabla sijaona kitu," anasema. "Nikasahau hata kilichonipeleka."

Ilikuwa mikusu miwili imesimama pamoja, na chini ya mmoja wao makusu yametapakaa kwenye majani makavu. Modeste, ambaye leo ana miaka sitini na mvi za kutosha, anakumbuka alichokikuta.

"Nilidhani ni kichaa," anasema. "Mama mzima, amekaa chini, analia, anacheka, anakula, vyote pamoja. Nikamwambia, mama, beba yote tu. Huku kwetu hayo wanakula nyani."

"Nikamwambia, basi leo nyani ni mimi," anadakia Mama Bienfait.

Alirudi Gitaza na gunia. Akala, akagawa, akabaki na mbegu mia tatu na arobaini. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo pengine lisingefanyika popote isipokuwa kwenye ufuko huu.

Kwa mtu aliyeishi miaka kumi na tano kwenye vichanja, kitu chochote unachotaka kikae vizuri unakianika. Ndivyo wanavyofanyiwa ndagala, muhogo, hata nguo za mtoto. Basi akaziosha mbegu zake, akazitandaza juu ya wavu kando ya ndagala, siku tatu, akizigeuza kwa upendo jua likipanda. Zikakauka vizuri mno. Akazipanda.

Wa kwanza kuja walikuwa paka. Harufu ya samaki ilikuwa imeingia kwenye mbegu, na kila asubuhi alikuta udongo umefukuliwa. Akazipanda tena, akalala mlangoni na fimbo. Akangoja mwezi, akangoja wa pili. Hakuna kilichoota.

"Wanawake wa Gitaza walinicheka!" anasema, na macho yanamng'aa kana kwamba kichekesho ni cha mtu mwingine. "Wakasema Mama Bienfait anapanda changarawe. Wakasema ngoja, mvua ikija atavuna mawe."

Mbegu ya kusu, amekuja kujua, haitaki jua hata la saa moja. Inatoka kwenye tunda inaingia kwenye udongo, kama mtoto anayetoka tumboni na kuingia kwenye kanga. Ikikauka, imekufa.

Mwaka uliofuata alihamia Rumonge kuuza ndagala sokoni, akapanga chumba uani kwa Bi Nawal, mjane wa ukoo wa Waarabu wa Omani ambao babu yao alifungua duka Bujumbura kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Wawili hawa, mmoja Mkristo wa Fizi na mwingine Mwislamu anayefunga hata Jumatatu na Alhamisi, walitazamana kwa mashaka wiki moja nzima. Wiki ya pili walianza kusengenya pamoja, na hawajaacha.

Mwezi wa kumi na mbili alipanda tena, safari hii mbegu mbichi, kwenye udongo mweusi wenye samadi ya ng'ombe. Zikaota! Zikatoa majani mawili, matatu, manne. Kisha zikageuka njano, moja baada ya nyingine, zikafa kwenye chakula kingi.

Haukubaki hata mche mmoja mfukoni. Ila ulikuwepo mmoja kwenye kopo la mafuta, pembeni ya mlango wa jikoni, na huo ulikuwa wa kijani kama kasuku.

Hadithi ya kopo hilo Bi Nawal haruhusu mtu mwingine aisimulie.

"Huyu bibi alileta gunia la matunda, akalikung'uta hapa sakafuni kwangu, sakafu niliyoipiga deki asubuhi," anasema, akimnyooshea mwenzake mwiko. "Likatoka vumbi, majani yaliyooza, takataka za mlimani. Nikafagia, nikatupa kwenye kopo. Kumbe kulikuwa na mbegu humo. Kwa hiyo wa kwanza kuotesha mkusu Rumonge ni nani? Ni mimi, na ufagio wangu."

"Na maneno yako," anasema Mama Bienfait.

"Na maneno yangu. Mti unapenda kusemeshwa."

Lakini Mama Bienfait alichungulia ndani ya kopo lile, akaelewa. Mche haukutaka samadi, ulitaka udongo wa chini ya mama yake. Tangu hapo kila akienda Kigwena hurudi na kikapu cha udongo kutoka chini ya mkusu, akautia konzi moja katika kila mfuko. Anauita maziwa.

Mche wa kwenye kopo ulipandwa katikati ya ua. Ndio mti huu uliopita paa.

Kuanzia mwaka uliofuata, kazi ikapata utaratibu, na utaratibu ukapata sherehe yake.

Mbegu za kusu zimeshikwa na nyama inayonata, na kuziosha kwa maji huchukua siku nzima. Mama Bienfait akagundua kwamba hakuna kinachoisafisha mbegu kama ulimi wa binadamu. Basi makusu yalipofika, alitandika mikeka uani, akaweka bakuli kubwa la maji katikati, akaita watu. Sharti lilikuwa moja. Kula utakavyo, mung'unya mpaka mbegu iwe safi, kisha iteme kwenye bakuli. Anayemeza mbegu hakaribishwi mwakani.

Waliiita siku ya kumung'unya. Walikuja wauza samaki, walimu, mafundi cherehani, mke wa imamu na mama mchungaji. Watu walikaa tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, midomo imejaa, na mwenye mdomo uliojaa husikiliza vizuri. Inasemekana ndoa mbili za mtaa huu zilipangwa kwenye mikeka hiyo, na moja ilivunjwa.

"Aliyetaka kujua mambo ya Rumonge hakusikiliza radio," anasema Darwesh, mdogo wake Bi Nawal, anayeuza vitenge dukani mbele. "Alikuja hapa akamung'unya."

Jioni yake mbegu zote ziliingia mifukoni zikiwa bado na joto la midomo ya watu.

Mama Bienfait akaacha ndagala. Mche wa mbura au mfudu huuzwa faranga elfu mbili, na mwezi mzuri huondoka miche sitini. Mwezi mbaya hurudi sokoni kupanga ndagala mezani. Lakini mkusu hauuzi. Humpa anayekubali kubeba pia maziwa yake, na wengi hawakubali. Kati ya yote aliyoigawa, iliyo hai leo anaijua kwa idadi: kumi na mmoja, na hakuna uliofika umri wa kuchanua.

Miaka mitano iliyopita Modeste alitaka kuongeza michikichi. Kile kilima kilikuwa na nafasi nzuri, na ile mikusu miwili ilikuwa imeikalia. Akamtumia Mama Bienfait ujumbe aje, maana ni muungwana.

"Nilimwambia, mama, siwezi kuacha yote miwili. Chagua mmoja."

Hapa sauti ya Mama Bienfait inashuka. Anachukua mfuko mmoja wa mche, anautengeneza ingawa ulikuwa umekaa sawa.

"Mmoja ulikuwa unazaa. Mwingine haukuzaa hata siku moja. Tuliuita mvivu. Nikamwambia Modeste, kata mvivu. Nilichagua mwenyewe. Hakuna mutu alinisukuma."

Mvivu ukakatwa. Kuni zake zilichemsha mapipa ya ngazi, yale mashada ya michikichi yanayotoa mawese, kwa wiki mbili.

Mwaka uliofuata, mkusu wa Kigwena ulichanua kama kawaida. Maua yakaanguka. Hakukuwa na kusu hata moja.

Modeste akadhani ni mvua. Mama Bienfait akadhani ni kisirani chake mwenyewe. Mwezi wa kumi na mbili bakuli lilikaa kabatini, mikeka ikakaa imeviringishwa. Mwaka wa pili ikawa vilevile. Watu wakaulizana, siku ya kumung'unya lini? Kisha wakaacha kuuliza, na huko kunyamaza ndiko kulikomuuma zaidi.

Jibu lilitoka kwenye sahani ya tende.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka juzi, jua limezama hivi punde, na Bi Nawal alikuwa amemwalika mwenzake futari kama kila siku. Tende zikamkumbusha babu yake. Mzee huyo alipanda kokwa ya tende uani kwake Bujumbura. Mtende ukakua, ukatoa maua, miaka ishirini, haukuzaa.

"Babu alikuwa akiutazama anasema, maskini binti huyu, amekosa mume," anasimulia Bi Nawal. "Alituambia kwao Omani mitende kuna dume na kuna jike. Dume hazai. Watu hupanda juu wakakata maua ya dume, wakayafunga katikati ya maua ya jike, kwa mikono. Huozeshwa, kama binti wa watu. Mimi nilikuwa nasimulia tu ili futari inoge."

Mama Bienfait aliweka tende yake chini. Bi Nawal akadhani amepaliwa, akamsogezea maji.

"Nawal," akasema. "Mimi nimeua mume wa watu."

Usiku huo ile ndoto yake ya zamani ilirudi, lakini mti ulikuwa mmoja, na haukuingia majini. Ulisimama ufukweni, ukitazama nyuma.

Asubuhi alitoka uani, akautazama ule mti wa kwenye kopo. Ulikuwa na miaka saba, na haujawahi kutoa ua. Ndani yake lilikuwamo jibu ambalo hakuna aliyeweza kulisoma. Kama ni dume, basi mama wa Kigwena amepata mume. Kama ni jike, basi Mama Bienfait ana wajane wawili, na ile miche kumi na mmoja ingehitaji miaka ambayo mkusu wa kilimani, uliozeeka, huenda hauna.

Ndipo mtaa mzima ukaingia. Mwanzoni ilikuwa shida ya mwanamke mmoja na mti wake, lakini siri haikai kwenye nyumba yenye mlango wa duka. Kwa mara ya kwanza, watu ambao mabinti na wavulana wao wamezaliwa bila mtu kuchagua walianza kuomba mti uwe dume. Mama Bienfait aliomba kanisani, Bi Nawal kwenye mswala wake. Dukani kwa Darwesh watu waliwekeana dau la soda.

"Ni jike huyo," Darwesh alikuwa akiwaambia wateja. "Miaka yote uani, anataka maji kila siku, anapendeza tu, hata asante hasemi."

"Hizo ni tabia zako, Darwesh," dada yake alijibu kutoka ndani. "Kwa hiyo ni dume."

Mwezi wa pili mwaka huu, Alhamisi, baada ya mvua ya asubuhi, Mama Bienfait aliona vifundo vidogo penye vikonyo vya majani. Hakumwambia mtu. Aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani.

"Niliogopa," anasema. "Kama vile mutu ameletewa barua."

Maua ya jike anayajua. Ameyatazama Kigwena kwa miaka. Huja moja moja, kila ua peke yake kama bibi aliyenuna. Siku ya tatu yale ya uani yalifunguka, nayo hayakuja moja moja. Yalikuja kwa mafungu, ya njano, yamebanana kama watu kwenye mkeka. Akagusa fungu moja. Kidole kikatoka na vumbi la dhahabu.

Alikwenda jikoni, akampaka Bi Nawal vumbi lile shavuni.

Vigelegele vya Bi Nawal, wanasema watu wa sokoni, vilisikika mpaka kwenye mitumbwi. Darwesh alinunua soda kumi na tisa.

Lakini harusi haiendi kwa kasi ya bwana harusi. Kilimani Kigwena ni baridi zaidi, na mkusu wa kule ulikuwa bado umefunga vifundo. Modeste alipanda kila asubuhi kuutazama, akapiga simu.

"Bado, mama. Bado amefumba."

Siku zikapita. Uani maua yakaanza kudondoka, sakafu ikawa ya njano, na Bi Nawal, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakufagia. Siku ya nane yalibaki matawi machache upande wa kivuli. Mama Bienfait akaomba kanga za mwenye nyumba, akazilowesha, akayafunga matawi yale ili yapoe yasiharakishe. Kila saa mbili akazilowesha tena. Mti ukawa umevaa kanga nne, wapita njia wakisimama kushangaa.

"Kanga zangu za Idd," anasema Bi Nawal. "Moja ilikuwa haijawahi kuvaliwa."

Siku ya kumi na moja simu ililia kabla jua halijapanda.

"Mama Bienfait," alisema Modeste. "Njoo. Amefumbua macho."

Matawi yakakatwa, yakawekwa kwenye ndoo ya maji, yakafunikwa jani la mgomba. Irakoze, dereva wa pikipiki anayeegesha mbele ya duka, akambeba Mama Bienfait amekaa upande, ndoo mapajani, barabara ya Nyanza-Lac, ziwa likiwafuata kulia kwao kama kitambaa kilichoachiwa upepo. Kila penye watu waliitwa.

"Yee, mama! Harusi ya nani?"

"Ya muti!" alijibu Mama Bienfait.

"Walicheka," anasema Irakoze. "Hawakujua nilikuwa nimembeba bwana harusi mwenyewe. Nilipita mashimo polepole, kama nimebeba mayai."

Bi Nawal alifuata na pikipiki ya pili, amevaa nguo ya sherehe, chetezo mkononi na udi ndani yake. Alipotaka kuufukiza chini ya mti, Mama Bienfait alimshika mkono.

"Utafukuza nyuki!"

"Harusi bila udi ni mkutano wa kijiji."

"Nawal. Nyuki kwanza."

Bi Nawal alinuna, akazima chetezo, akatoa mfukoni chupa ya marashi ya mawaridi na kunyunyiza kidogo kwenye shina, maana lazima kuwe na heshima.

Modeste alipanda. Amepanda michikichi tangu ana miaka kumi, na kwa umri wake bado anapanda kama anayekwenda dukani. Mama Bienfait alisimama chini akimwelekeza, huku kidogo, pale, polepole, usikung'ute, gusa tu. Fungu kwa fungu Modeste alipapasa maua ya njano juu ya yale yaliyonuna, kisha akayafunga matawi juu kabisa kwa nyuzi za migomba ili upepo na nyuki wamalizie.

Alipotelemka, mashavu yake yalikuwa ya njano. Hakuyafuta.

"Mimi ndiye niliyemkata yule wa kwanza," anasema leo. "Nilitaka na mimi niwe nimemfungia huyu kwa mkono wangu."

Sasa ni mwezi wa tano, na mvua zinaaga. Mama Bienfait anapanda kilima cha Kigwena na kikapu chake, Bi Nawal nyuma yake akilalamikia viatu, Modeste mbele. Chini, majani ya michikichi yanapepea. Mbali zaidi ziwa limelala, na leo milima ya Kongo inaonekana yote, karibu sana, kana kwamba usiku imesogea.

Penye mkusu kuna mashimo matatu yaliyofukiwa upya. Modeste ameng'oa michikichi mitatu iliyoanza kuzaa. Hakuombwa na mtu. Ni nafasi ya miche ya uani itakayoletwa mvua zikirudi, ili mama huyu asikae peke yake tena.

Mgeni aliyekuja nao kuandika habari hii anatazama juu, haoni kitu, majani tu. Kisha kati ya majani anaona kitu cha kijani, kidogo kama punje ya njegere. Anainua mkono kuuliza.

"Hapana!" Mama Bienfait anaushusha mkono ule haraka. "Usionyeshe kwa kidole. Kwetu tunda changa halionyeshwi kwa kidole, litaanguka. Onyesha kwa kidevu."

"Na usihesabu," anasema Modeste.

"Yeye ameshahesabu," anasema Bi Nawal. "Mtazame uso wake."

"Sijahesabu!"

"Umehesabu, Mama Bienfait, na juzi ulipita kwangu ukaulizia bakuli kubwa. Unadhani sikujua? Nimenunua jipya. La zamani lilikuwa dogo."

Mama Bienfait anainama, anachota udongo chini ya mti. Mwezi wa kumi na mbili, kama makusu yatakubali kuanguka yenyewe, atatandika mikeka. Ataita wote, wa Rumonge, wa Kigwena, na wale wanawake wa Gitaza waliomcheka, hasa wale. Watamung'unya mpaka adhana, na mbegu zitaingia kwenye udongo kabla hazijapoa. Lile konzi la maziwa ya kila mfuko ameshaanza kulikusanya leo, kikapuni.

"Na ile ndoto?" anaulizwa.

"Ilikuja wiki jana," anasema. "Safari hii miti ilikuwa imeshavuka. Imekaa hapa, inakausha miguu."

Upepo unapita. Majani mapana yanafunguka na kufungika. Mikono nyuma, videvu juu, watu wanne wamesimama chini ya mkusu, na hakuna anayehesabu.